Magaga ya Kalibu

Baba yangu hakuwahi kukiamini chuma ambacho hakikupigwa nyundo. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo na kuachwa kipoe kwa raha zake, alikiona kama mtoto aliyelelewa na bibi: kinapendeza kukitazama, ila usikitume kazi ya maana. Chuma cha kufua ndicho chuma. Kimetiwa motoni, kimelazwa juu ya fuawe, kimepigwa mpaka kimeshika adabu. Maneno hayo niliyasikia tangu mdogo, na aliwaambia wageni wote, hata wale waliokuja kuulizia bawaba za mlango.

Mimi, binti yake, nikaenda kusomea vyuma. Nilirudi Mtwara na cheti kizuri, nikapata kazi ya kufundisha ufundi chuoni, na vipindi vikiisha nikawa napitia karakana ya nyumbani kurekebisha yale ambayo baba alikuwa ameyakosea maisha yake yote. Hivyo ndivyo nilivyoliona jambo wakati ule. Baba yeye aliona kwamba amenipeleka shule nikajifunze kumbishia kwa maneno marefu zaidi.

Karakana iko mjini, ingawa nyumbani kwetu ni Mikindani. Tunayeyusha aluminiamu chakavu, masufuria yaliyotoboka, injini za bodaboda zilizokata roho, fremu za madirisha, na tunamimina mikono ya mashine za kubangulia korosho. Ni zile mashine ndogo za mezani ambazo akina mama wa vikundi huzitumia, kuanzia hapa mjini mpaka Nanyamba. Mkono ukivunjika, kazi inasimama, na mwenyekiti wa kikundi anapiga simu kwa sauti ambayo haihitaji simu.

Ili kumimina mikono hiyo unahitaji kalibu ya chuma, vipande viwili vinavyofumbatana kama viganja, katikati kuna umbo la mkono. Aluminiamu inaingia ikiwa moto wa kuunguza, inaganda, unafungua, unatoa, unapaka dawa ya kuzuia isigande kwenye chuma, unafumba, unamimina tena. Ngozi ya kalibu inapata moto ghafla na kutaka kutanuka, lakini nyama ya ndani bado baridi, inaikatalia. Ikipoa, ngozi inataka kusinyaa, na ndani inaikatalia tena. Ugomvi huo unarudiwa kutwa, siku zote za kazi, mpaka chuma kinachoka. Kikichoka hakivunjiki kwa kishindo. Kinatoa nyufa nyembamba, zimesukana kama wavu, na karakana nzima tuliziita magaga, kwa sababu ndivyo zilivyo, kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Kila ufa unajichora kwenye mkono unaotoka, na akina mama wanalalamika kwamba mikono yetu inawakwaruza viganja.

Kalibu yetu ya zamani ilipoota magaga mpaka haitazamiki, nikasema tununue ya kusubu kutoka Dar. Baba akasema atafua yake mwenyewe. Tulibishana wiki nzima, na mwisho wake hatukuwa tunabishania kalibu.

Tulibishania nafasi. Tanuri la baba na fuawe lake vilikuwa katikati ya karakana, na mimi nilitaka pale pawekwe mashine ya kutobolea. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alifua kidogo, majembe mawili matatu, panga la jirani, halafu anakaa kupumua. Mama alitaka abaki Mikindani apumzike. Neno hilo, kupumzika, baba alikuwa akilitamka kama jina la ugonjwa mwingine. Basi tukakubaliana mbele ya mama: kalibu mbili zifanye kazi bega kwa bega. Ya baba ikidumu kuliko yangu, tanuri linabaki na yeye anabaki nalo. Ikitangulia kuharibika kwa magaga mpaka haitumiki tena, tanuri linatoka, naye anakwenda kukaa barazani. Mama aliongeza sharti lake, kwamba kwa vyovyote vile, siku atakayoacha kula kwa wakati na kumeza dawa, mambo ya karakana yamekwisha.

Nilitaka haki ya kisayansi. Chuma kikawa cha aina ile ile, chuma kigumu cha kutengenezea zana, changu kimesubiwa, cha baba amekifua mwenyewe kutoka kwenye gogo la chuma, huku mmiminaji wetu akimpigia nyundo kubwa. Mmiminaji huyo ni mtu wa Kitaya, kule mtoni mpakani, Mkristo, mpole, anayekula vizuri. Umbo la ndani likachongwa sawasawa kwenye zote mbili. Tofauti pekee ilikuwa mgongoni. Yangu ilikuja na mbavu za kuiimarisha, zimesimama kwa mpangilio wa kupendeza, na ya baba ilikuwa bapa kama kibao cha chapati, kwa kuwa nyundo haijui mapambo.

Kitabu kinasema kalibu ipashwe moto taratibu kabla ya kumiminia mara ya kwanza, isishtuke. Nilikuwa nakifahamu kitabu hicho, nilikifundisha. Lakini kupasha kunataka gesi, na gesi, ingawa inatoka huku kwetu kusini, sisi tunaiona zaidi kwenye hotuba. Kwa hiyo tulikubaliana na kitabu kimoyomoyo, na kwa vitendo tukafanya kama mafundi wengi: tunamimina za kwanza kuitia kalibu joto, zikitoka mbovu tunazirudisha kuyeyushwa. Nilijiambia kwamba kosa hilo linazipata kalibu zote mbili sawasawa, basi si kosa, ni hali ya majaribio.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, baba alikuwa akiwasha jiko la mkaa apike chai. Jiko lenyewe lilikuwa limekatika meno ya juu, na birika lake dogo lilikuwa likizama kwenye makaa. Kwa hiyo alichukua kalibu yake, ile bapa, akailaza juu ya jiko, akakalisha birika juu yake. Yangu isingewezekana, mbavu zingeliyumbisha birika. Chai ilikuwa ya tangawizi, haina sukari, inachukua muda mrefu kuchemka kwa sababu kwanza inabidi chuma chote kile kipate moto. Mimi siku zisizo na vipindi vya asubuhi nilikuwa nikisimama pale na kikombe mkononi, nikieleza uhusiano wa joto na uchovu wa chuma. Mmiminaji akisikiliza kwa adabu na kunyoosha kikombe chake kiongezwe. Kisha jiko linaondolewa, kalibu inashushwa kwa koleo, kazi inaanza.

Yangu ikaota magaga mapema. Niliyaona kwanza kwenye mkono mmoja uliotoka, mistari myembamba kama nywele karibu na mlango wa kumiminia. Nikaipiga brashi, nikasema ni uchafu. Uchafu ukazidi kuenea. Ya baba ilibaki laini kama shavu.

Alikuwa mshindi asiye na huruma. Alibeba mkono mmoja wa kalibu yake na mmoja wa kalibu yangu, akaenda nayo Mikindani, akaipitisha barazani kwa wazee wenzake wakati wanasubiri sala, kila mtu apapase. Wazee ambao hawajawahi kubangua korosho hata moja walitoa uamuzi kwamba huu wa kalibu ya Dar unakwaruza. Mimi nilikuwa na hoja zangu. Nilimweleza kwamba chuma cha kufua kina nyuzi kama mbao, kinavumilia upande mmoja na kulegea upande mwingine, wakati cha kusubu kiko sawa pande zote, na kwamba kikisubiwa vizuri pasiwe na matundu ndani hakina sababu ya kushindwa. Baba alisema ni kweli kabisa, kisha akanionyesha magaga yangu.

Nilichukia. Nilimpenda baba yangu na nilichukia, vyote kwa pamoja, na mashine yangu ya kutobolea ikaendelea kukaa ndani ya sanduku lake.

Ikaja Ramadhani. Daktari alikwishamwambia wazi kwamba sukari yake na dawa anazomeza haviendani na kushinda na njaa, na shehe wa msikiti wetu akamwambia dini haimtaki ajiue, atoe fidia, alishe masikini kwa kila siku anayokula. Baba alikubali kwa haraka ambayo ilipaswa kututia shaka. Alisema tu kwamba hawezi kula nyumbani mbele ya wajukuu waliofunga, ni aibu, atakula karakanani. Mama akaona ni haki. Kila asubuhi akamfungashia hotipoti, viazi vitamu na samaki, chai angepika mwenyewe kama kawaida, nyuma ya turubai wapita njia wasione.

Mimi nilikuwa nimefunga, na vipindi vya chuo vikahamia asubuhi, kwa hiyo nilifika karakanani mchana tu, midomo imekauka, kumkuta baba amekaa kwenye fuawe akisema ameshiba. Hotipoti ilirudi nyumbani tupu kila siku, tena imeoshwa. Hapo ndipo mama na mimi tulipaswa kushtuka, maana baba hakuwahi kuosha chombo tangu aoe.

Mwezi ulipofika kati, nikaokota mkono kwenye rundo la mikono iliyotoka kwenye kalibu ya baba, nikauona mstari. Nikaokota mwingine, nao unao. Nikaifungua kalibu yenyewe, nikaipangusa, nikaipeleka kwenye mwanga. Magaga. Machanga, lakini magaga.

Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu aliyefunga. Nilianza kupanga maneno yangu kichwani pale pale: kwamba mwanzo mzuri si mwisho, kwamba chuma cha kufua nacho huchoka, tena kikianza hukimbia. Nikaiona mashine ya kutobolea ikitoka kwenye sanduku. Baba alikuwa amesimama mbali kidogo akiniangalia, na mimi nilidhani ni unyenyekevu umemfikia mwishowe.

Tatizo la kusomea jambo ni kwamba haliwezi kukuacha ufurahi kwa amani. Kalibu iliyokaa laini miezi yote ile haioti magaga kwa siku chache bila sababu. Nikaanza kuuliza ni kitu gani kimebadilika. Aluminiamu ni ile ile. Mmiminaji ni yule yule. Dawa ya kupaka, maji, kasi ya kazi, vyote vile vile. Nilikaa juu ya ndoo nikivipitia, na macho yangu yakawa yameangalia kona ya turubai, kwenye jiko la mkaa, na ilichukua muda kabla sijakiona ninachokiangalia. Jiko lilikuwa limejaa majivu yaliyolowa mvua na kukauka tena. Birika lilikuwa limelazwa ubavu, na buibui alikuwa amefunga mlango wa mdomo wake.

Nilielewa mambo mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza lilikuwa la kisayansi. Kwa miezi yote ile tulikuwa tukipasha kalibu ya baba taratibu, vizuri, kama kitabu kinavyosema, kwa ajili ya chai, na yangu tukaipiga moto wa ghafla ikiwa na baridi ya usiku. Hatukuwa tumelinganisha kusubu na kufua hata siku moja. Tulilinganisha kalibu iliyokunywa chai na kalibu iliyokosa. Na mimi, mwalimu, nilikuwa nimesimama hapo hapo nikinywa jibu la swali langu kwa tangawizi.

La pili halikuwa la kisayansi. Kama kalibu haikupata chai, baba naye hakupata.

Nikamwendea mmiminaji, aliyekuwa anapanga mikono ya kupeleka Nanyamba. Nikamuuliza mzee anakula saa ngapi. Akasema anakula vizuri tu. Nikamwangalia tumbo, lilikuwa limejaa kuliko mwezi uliopita, akaona ninapoangalia. Akauweka chini mkono wa mashine aliokuwa ameushika.

"Nzee kaniambia nile mie, ndo fidia yake," akasema. "Nikamwambia mie si masikini. Akasema we kula tu, nia anayo yeye."

Hotipoti aliiosha yeye, kwa adabu zake. Nikamwambia aende na mzigo wake, na akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo mwingine.

Baba alikuwa kwenye fuawe. Nilimkalia mbele, juu ya kalibu yangu mwenyewe, mbavu zikiniumiza. Sikumuuliza kama amefunga. Nilimweleza habari ya birika kama ninavyowaeleza wanafunzi, tangu ngozi ya chuma na nyama yake mpaka jiko lililokatika meno. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Niliona linavyomwingia, na niliona linavyomuuma. Alipokea kwa taabu kwamba hakushinda, akajifariji haraka kwamba basi na mimi sikushinda. Kisha akatoa wazo lake, na alilitoa kwa furaha kabisa: tuwashe jiko kila asubuhi, tukalishe birika, lichemke, maji tuyamwage. Chuma kipate chai yake, na yeye abaki na saumu yake.

Hapo nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Nilimwambia ataanguka kwenye tanuri lake mwenyewe. Nilimwambia mama atajua leo hii, na akijua, hakuna tanuri, hakuna fuawe, hakuna kuja mjini, sharti lilikuwa la mama na yeye alilikubali. Nilisema na mengine ambayo mtu aliyefunga hatakiwi kuyasema.

Alisubiri nimalize. Baba anaponiita mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake, huwa ananitania. Safari hii hakuwa anatania.

"Mama," akasema, "mimi nilianza kufunga kabla sijajua kushika nyundo. Saumu mmeniondolea kwa kupima damu. Nyundo mnataka kuniondolea kwa kupima kalibu. Nikikaa pale barazani sifungi na sifui, watu watakuwa wanamsalimia nani?"

Miaka yote ile ya shule sikufundishwa kipimo cha kitu hicho. Nililia, na nilikuwa na hasira kwamba nalia, na yeye akaangalia pembeni ili nisione aibu.

Nilipopata sauti nikamwambia tanuri haliondoki. Akaniuliza mara moja, kwa ukali, kama ni kwa huruma. Nilijua nikisema ndiyo ataondoka nalo mwenyewe. Nikamwambia si huruma, ni kwamba majaribio yote yameharibika, hakuna aliyeshinda, na mimi siwezi kumwondoa fundi kwenye nafasi yake bila ushahidi. Alifikiri kidogo. Hilo alilikubali, tena kwa heshima. Huruma yangu asingeipokea, ila kukosa kwangu ushahidi alikupokea kwa mikono miwili.

"Na saumu?" akauliza.

Nikamwambia kwenye saumu ushahidi ninao. Upo kwenye karatasi ya daktari, na upo kwenye hotipoti inayorudi imeoshwa.

Nje bodaboda zilipita, mtu akauza mihogo mibichi, mvua ikatishia na kughairi. Kisha akaniambia niwashe jiko.

Nilizoa majivu, nikamtoa buibui, nikapuliza mkaa, moshi ukanijaa machoni na kwenye kinywa kikavu. Baba aliinua kalibu yake kwa koleo akailaza. Halafu akaichukua na yangu, akaiweka juu ya ile yake. Ilikataa kukaa, kama nilivyojua, ikayumba upande huu na huu kwa zile mbavu zake za kupendeza. Alichagua vipande viwili vya chuma sakafuni, akavisukumiza chini yake, akaigusa na kidole mpaka ikatulia, kisha akalipandisha birika juu yake, juu ya ile yangu. Tulikaa tukisubiri vyuma vyote viwili vipate moto. Ilichukua muda mrefu kweli.

Tangawizi ilipoanza kunukia, nilimeza mate na kuangalia ukutani. Baba aliipa barabara mgongo, ingawa turubai lilikuwa limefungwa na hakuna mtu angemwona. Akameza vidonge vyake. Akamega kiazi alichobakiza mmiminaji kwenye hotipoti ya siku hiyo, akakitafuna polepole kama mtu anayetafuna kitu cha mwenzake. Akanywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka, na lilinitia uchungu ambao sikuwa nimeutegemea, maana ndicho nilichokuwa nimekipigania.

"Funga na yangu, mama," akasema.

Shehe angetusahihisha, saumu haibebwi hivyo, mimi na yeye tulijua. Nikamwambia nitafunga. Akanyoosha kikombe nimuongeze, nikammiminia.